Historia ya Uingereza Ipitie Makutano

Wahenga walinena kuwa mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hii imetumiwa mno katika insha za shule hata makali yake yameanza kufifia. Hata hivyo, sijapata kauli nyingine iufumbatayo uhusiano wa Uingereza na watu wa Embu na Meru kwa ufupi kama huo. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba historia ya Uingereza, ile tuliyoikariri darasani, ina sura moja iliyotendeka katika ardhi yetu na kisha ikafichwa. Yanadhamiria pia kudai kwamba wajibu wa kuiandika sura hiyo kwa Kiswahili unatuangukia sisi, wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Makutano mawili

Eneo letu lina Makutano mawili. Msafiri atokaye Nairobi kupitia Thika hufika Makutano ya kwanza pale barabara ya Nyeri inapoachana na ile ya Embu. Akishika njia ya Embu huingia tambarare ya Mwea, penye mashamba ya mpunga na wachuuzi wa mchele wa pishori kando ya lami. Akiendelea kupitia Embu, Chuka na Nkubu, Mlima Kenya ukiwa kushotoni kwake, hatimaye hufika Meru na kukuta Makutano ya pili, ambapo njia ya Nanyuki hukutana na ya Maua. Baina ya Makutano hayo mawili ndipo kilipo kisa nitakachokieleza.

Wengi wetu tuliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4 tulifundishwa historia ya Uingereza bila kuambiwa kwamba inapita hapa. Tulimjua Jethro Tull na mashine yake ya kupandia mbegu ya mwaka 1701. Tulizijua sababu za mapinduzi ya viwanda na kazi za Bunge la London. Tulijibu maswali, tukapata alama, tukasahau. Mwanafunzi wa Mwea aliyepanda mpunga na wazazi wake wakati wa likizo hakuambiwa ni nani aliyeichimba mifereji iliyoleta maji katika shamba lile, wala kwamba mifereji hiyo ina mahali pake katika somo lilelile la Bunge la London.

Kisa kama kinavyosimuliwa London

Historia hiyo husimuliwa aghalabu kama safari ndefu ya kuidhibiti mamlaka kwa sheria. Mfalme Charles wa Kwanza alijiona kuwa juu ya Bunge. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka mwaka 1642, naye akahukumiwa na kukatwa kichwa mwezi wa Januari mwaka 1649. Mwaka 1679, katika enzi ya mwanawe Charles wa Pili, Bunge lilipitisha sheria ya Habeas Corpus, ambayo maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba anayemfunga mtu anaweza kuamriwa na mahakama amlete mbele ya hakimu na kueleza sababu ya kumfunga. Mwaka 1689 Sheria ya Haki ikaharamisha adhabu za kikatili zisizo za kawaida. Uskoti iliungana na Uingereza mwaka 1707. Mageuzi ya mwaka 1832 yalipanua haki ya kupiga kura, yale ya 1918 yakawafikia wanawake waliotimu miaka 30, na kufikia 1928 wanawake walikuwa sawa na wanaume mbele ya sanduku la kura. Mwaka 1948 ikafutwa desturi ya watu fulani kupiga kura zaidi ya moja kwa sababu ya biashara au shahada zao. Mwaka 1951 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuuridhia Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu.

Sidai kwamba kisa hiki ni cha uongo. Mambo hayo yalitendeka, na watu walikufa wakiyapigania. Isitoshe, sisi wenyewe tumeurithi urithi huo: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 25, inaitaja amri ya Habeas Corpus miongoni mwa haki nne ambazo haziwezi kuwekewa mipaka kwa hali yoyote. Ninalodai ni kwamba kisa hiki kimesimuliwa nusu. Nusu ya pili iko huku kwetu.

Nusu iliyobaki

Tuanze na chombo kilichotumika. Mnamo tarehe 31 Desemba 1600 Malkia Elizabeth wa Kwanza aliipa Kampuni ya Uhindi Mashariki hati ya kifalme ya kufanya biashara. Kampuni hiyo ilianza na viungo, ikaishia kutawala mamilioni ya watu. Mwaka 1888, karibu karne tatu baadaye, William Mackinnon na wenzake walipewa hati ya aina hiyohiyo kwa ajili ya Afrika Mashariki. Kampuni yao ilipofilisika, serikali ya London ilitangaza himaya mwaka 1895. Msafara wa kijeshi ukaivamia Embu mwaka 1906. Mwaka 1908 Edward Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, alikuwa amekwisha kuweka boma la serikali Meru. Mwaka 1920 himaya ikageuzwa koloni. Wanaume wakavikwa shingoni kipande, na neno hilo la Kiswahili, ambalo kabla yake lilikuwa na maana ya sehemu ya kitu tu, likabeba maana ya utumwa wa kazi.

Tuzingatie pia ardhi. Baina ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ikitumiwa kwa pamoja, zilizogusa zaidi ya moja kwa tano ya ardhi yote ya nchi hiyo. Wakulima wadogo wengi walipoteza malisho na kuni, wakaenda kuwa vibarua. Darasani tulifundishwa kuyaita hayo maendeleo ya kilimo. Mwaka 1954 mpango wa Roger Swynnerton ulileta fikra hiyohiyo katika nyanda za kati za Kenya: vishamba vilivyotawanyika vikusanywe, kila mmoja apewe hati miliki yake, na mazao ya biashara yapanuliwe. Kahawa ilikuwa imeruhusiwa kwa Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kwa majaribio tangu miaka ya 1930, kwa kuwa walowezi waliogopa ushindani na maeneo hayo yalikuwa mbali na mashamba yao. Mpango wa Swynnerton una faida zake, na wako wazee walioinuka kwa kahawa hiyo. Lakini katika sehemu nyingi za nyanda hizo mipaka ilipimwa wakati ambapo wenye ardhi walikuwa kizuizini. Aliyerudi alikuta ua umekwisha kuzungushwa.

Mwea, mwaka 1957

Sasa tufike Mwea yenyewe. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Sheria iliyofuata iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja la washukiwa. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji wa Nairobi na kuwachuja watu wa makabila hayo matatu, na maelfu wakapelekwa kizuizini bila kesi. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miba. Watu 1,090 walinyongwa kwa amri ya mahakama. Makumi ya maelfu walizuiliwa bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote, ilhali sheria ya mwaka 1679 ingali katika vitabu vya London.

Tambarare ya Mwea, ambayo wakati huo ilikuwa katika wilaya ya Embu, iliwekwa kambi kadhaa za wafungwa hao. Ndio walioichimba mifereji ya kwanza ya mpunga, wakiyateka maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Kufikia mwaka 1957 kambi za Mwea zilikuwa zimebuniwa kazi nyingine pia. Wafungwa waliohesabiwa kuwa sugu waliletwa humo kwa vikundi vidogo. Aliyekataa kuvaa sare ya kambi au kunyolewa alishikwa na kupigwa mpaka akubali. Maafisa waliuona mbinu huo kuwa na mafanikio makubwa, wakaupa jina la urekebishaji.

Je, walijua kwamba walikuwa wakivunja sheria? Walijua. Mwezi wa Juni mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana kuhusu mbinu za Mwea. Alieleza namna kipigo hicho kingeweza kuwekewa taratibu ili kionekane halali, na akatahadharisha kwamba ikiwa ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Msomaji mwenzangu, nakuomba uitafakari kauli hiyo. Ni kauli ya mwanasheria aliyelelewa katika mapokeo ya mwaka 1679 na 1689, na aliyekuwa akizungumzia mahali ambapo leo tunashuka kwenye matatu kununua mchele.

Mwezi wa Machi wa mwaka huohuo wa 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Bernard Mate wa Meru alishinda kiti cha Mkoa wa Kati. Katika uchaguzi huo mtu mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu kwa kutegemea elimu, mali na utumishi wake, na Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa asipokuwa na hati ya utiifu. Desturi iliyofutwa kwao mwaka 1948 ililetwa kwetu miaka tisa baadaye ikiwa zawadi.

Mbinu ya Mwea ilipopelekwa Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba walikunywa maji mabaya. Ukweli ulipofichuka, Bunge la London lilijadili suala hilo usiku wa tarehe 27 Julai, na Enoch Powell, mbunge wa chama kilichotawala, alisimama na kusema kwamba haiwezekani nchi iwe na vipimo vya Kiafrika ikiwa Afrika na vipimo vya Kiingereza ikiwa nyumbani. Alikuwa ameitamka methali yetu ya mkuki na nguruwe pasipo kuijua. Huyuhuyu Powell baadaye, mwaka 1968, aligeuka kuwa sauti kuu ya chuki dhidi ya wahamiaji, jambo linaloonyesha kwamba haki ya mtu mweusi ilikuwa rahisi kuitetea akiwa mbali.

Masanduku yaliyosafiri

Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, nyaraka nyingi zilichomwa na nyingine zikapakiwa katika ndege na kupelekwa Uingereza. Mwaka uleule Musa Mwariama, kiongozi wa wapiganaji wa Meru, alitoka msituni akiwa hai na hajashindwa. Yeye alitoka hadharani. Nyaraka zikaingia mafichoni. Kwa miaka karibu hamsini serikali ya Uingereza haikuzitaja. Wazee watano walipoishtaki London mwaka 2009 kwa mateso waliyotendewa, ndipo ilipobidi kukiri, mwaka 2011, kwamba katika jumba la Hanslope Park mlikuwamo faili zipatazo 1,500 za Kenya. Barua ya Mwanasheria Mkuu ilikuwa miongoni mwake.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague alilieleza Bunge kwamba serikali yake ilitambua kuwa Wakenya waliteswa, na kwamba ingewalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi. Mwaka 2015 mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Kesi nyingine ya wadai zaidi ya 40,000 ilitupiliwa mbali mwaka 2018, kwa kuwa muda ulikuwa umepita mno. Mfalme Charles wa Tatu alipoizuru Kenya mwaka 2023 alitamka huzuni na majuto makubwa. Msamaha hakuuomba.

Tulinganishe hesabu mbili. Bunge la Uingereza lilipoufuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Fedha hizo walilipwa waliomiliki watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Mkopo wake ulimalizwa kulipwa mwaka 2015. Baada ya miaka 180, wakati thamani ya pauni ilikuwa imeshuka mara nyingi, wazee wa Kenya walitengewa takribani tarakimu ileile. Mwenye kuipima historia kwa tarakimu tu atasema mizani imesawazika. Mwenye kuijua atatikisa kichwa.

Kiswahili kinahusikaje?

Nimewahi kusikia wenzetu wakiuliza mwanafunzi wa Kiswahili ana haja gani na mambo haya. Si kazi ya Idara ya Historia? Swali hilo lina majibu mawili.

Kwanza, lugha yetu ilikuwapo. Harold Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, ndiye aliyelitambua baraza la wazee la Njuri Ncheke na kulitumia katika utawala. Huyohuyo ndiye Lambert tunayemsoma katika somo la lahaja, aliyechapisha tafiti za Kivumba, Kichifundi, Kijomvu na Kingare mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambaye mashairi yake ya Kiswahili yanajulikana kama Diwani ya Lambert. Tunamnukuu kwa jambo moja na kulinyamazia la pili. Maneno boma, baraza, karani, askari na kipande yaliingia katika vinywa vya mababu zetu wa bara yakiwa na harufu ya amri. Mwanaisimu anayeeleza asili ya maneno hayo bila kuieleza amri hiyo ameeleza nusu ya maana.

Pili, lugha yetu inaweza. Mwalimu Julius Nyerere alipomtafsiri Shakespeare, mwandishi wa enzi ya Elizabeth yuleyule aliyeitia saini hati ya mwaka 1600, hakuwaita wahusika wake wafanyabiashara. Aliwaita mabepari, na Mabepari wa Venisi ikatoka mwaka 1969. Kwa neno moja Kiswahili kiliitazama Ulaya kwa macho yake chenyewe. Mwaka huohuo P. M. Kareithi alituandikia vita vya Mau Mau katika riwaya ya Kaburi Bila Msalaba. Tangu hapo tumetafsiri tamthilia na riwaya nyingi za Wazungu, lakini barua ya Mwea, inayotuhusu kuliko zote, bado inasomwa kwa Kiingereza na watu wachache waliofika mbali kielimu.

Wapo watakaopinga kwa hoja nyingine nzito zaidi. Watasema kwamba ushahidi wa wazee uko katika Kimeru, Kiembu, Kigichugu na Kikuyu, na kwamba kuuleta katika Kiswahili ni kuupotosha, hasa kwa kuwa Kiswahili chenyewe kilikuja na askari wa mkoloni. Naikubali nusu ya kwanza ya hoja hiyo: ushahidi urekodiwe kwanza katika lugha ya mwenye kusema, neno kwa neno. Hiyo nusu ya pili siikubali. Masimulizi ya Wameru yanayataja chimbuko lao kuwa Mbwaa, mahali penye maji ya pwani, ambapo baadhi ya wanahistoria wamepahusisha na Manda huko Lamu. Pwani si ugeni kwao. Zaidi ya hayo, mzee wa Tigania na mzee wa Mwea hawawezi kusomana ila kwa lugha ya tatu. Ikiwa lugha hiyo ya tatu ni Kiingereza pekee, basi aliyeficha faili ndiye atakayeendelea kuzisimulia.

Mapendekezo

Napendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu. Mosi, kila mwanachama atokaye maeneo haya ajifunge kumrekodi mzee mmoja, kwa lugha ya mzee huyo, na kuandika tafsiri ya Kiswahili kando yake. Aliyekuwa na miaka 20 hali ya hatari ilipotangazwa amekwisha kupita miaka 90. Hatuna muda wa kusubiri semina. Pili, idara zetu ziruhusu tafsiri yenye maelezo ya nyaraka za Hanslope Park kuwa tasnifu ya shahada, kama zinavyoruhusu uhakiki wa riwaya. Tatu, wahadhiri wetu watuongoze kusanifisha istilahi za somo hili. Mathalani, je, tuendelee kutafsiri neno la mkoloni na kuita urekebishaji kile ambacho mahakama imekuja kukiita mateso? Uchaguzi wa istilahi hapa ni uamuzi wa haki, na haufai kuachiwa kamusi peke yake.

Hitimisho

Sitaki tuache kuifundisha historia ya Uingereza. Nataka tuifundishe yote. Mwanafunzi aambiwe juu ya mfalme aliyekatwa kichwa mwaka 1649, na juu ya mfungwa aliyekataa kunyolewa Mwea mwaka 1957, kwa kuwa wote wawili wanauliza swali moja: mwenye nguvu yuko chini ya sheria au juu yake? Asiyeziona pande zote mbili atakuja kuidai haki kwake na kumnyima jirani, na nchi yetu, iliyowaweka raia wake kizuizini bila kesi hata baada ya uhuru, haiwezi kusema somo hilo halikuihusu.

Siku utakapopita tena Makutano, iwe ya Mwea au ya Meru, itazame mifereji, kisha umtafute mzee aliye karibu nawe. Mwulize. Halafu andika, na uandike kwa Kiswahili.